Mama Mkalimani Anajibu: Nani Ana Neno la Mwisho Mbele ya Juri?

Barua nne za mwezi huu zinazunguka jambo moja: yale maneno ambayo mawakili huyasema mwishoni kabisa, yaitwayo majumuisho, kabla raia kumi na wawili hawajaingia chumbani kuamua. Kwa wasomaji wapya, mimi ni mzaliwa wa Ngamiani, Tanga, na kwa miaka 19 nimekuwa mkalimani wa Kiswahili katika mahakama za Minnesota, Marekani. Mimi si wakili, na kazi yangu hainiruhusu kutoa ushauri wa sheria juu ya kesi ya mtu. Ninayoyaeleza ni yale niliyoyaona na kuyasikia nikiwa kwenye kiti changu, bega kwa bega na mshtakiwa, nikimnong'oneza kila linalosemwa.

Ombi moja kwanza. Vyombo vyetu vingi vya habari huandika "jopo la majaji" vikimaanisha juri. Tuliache neno hilo, linapotosha watu. Jaji katika kesi hizi ni mmoja, naye anasimamia sheria. Juri ni dereva wa basi, muuguzi wa zamu ya usiku, mwalimu mstaafu, mkulima wa mahindi. Hao ndio wanaoamua ni nini kilitokea na kama mtu ana hatia. Ukiwaita majaji, mama aliyeko kijijini atadhani mwanawe anahukumiwa na wasomi wa sheria, kumbe sivyo.

"Salaam aleikum Bi Mkalimani. Mwanangu yuko huko Minnesota, ana kesi ya jinai itakayosikilizwa na juri mwezi ujao. Wakili wake kamwambia kwamba mwisho wa kesi mwendesha mashtaka atasema, kisha yeye, kisha mwendesha mashtaka atainuka tena. Kwa nini mmoja aseme mara mbili? Tena wakili mwenyewe ni wa kulipwa na serikali, mtu mpole, sauti ya chini. Jamaa huku wanachanga tumtafutie mwengine mwenye ulimi. Nifanyeje?" Mama wa Likoni

Waaleikum salaam dada yangu, na Mola akupe subira. Barua yako niliisoma mara tatu.

Ni kweli atainuka mara mbili. Hapa Minnesota ndivyo utaratibu ulivyo, na katika mahakama za shirikisho ni hivyo hivyo. Sababu wanayoitoa ni kwamba mzigo wote wa kuthibitisha uko kwa upande wa mashtaka. Mwanao halazimiki kuthibitisha chochote, wala kufungua kinywa. Aliyebebeshwa mzigo ndiye anayeanza na ndiye anayefunga. Uingereza, penye chimbuko la juri hizi, wao hufanya kinyume: mashtaka husema kwanza, utetezi ukafuata, kisha jaji ndiye anayewafupishia wajumbe wa juri ushahidi wote. Mimi naona Waingereza wamemtendea haki zaidi mshtakiwa katika hili. Lakini mwanao anahukumiwa Minnesota, kwa hiyo tuseme ya Minnesota.

Sitakuficha kwamba neno la mwisho lina uzito. Chukua kesi ambayo hata huko Likoni mliitazama, ya Derek Chauvin, yule askari polisi aliyemkandamiza George Floyd shingoni kwa goti hapa Minneapolis. Majumuisho yalikuwa tarehe 19 Aprili 2021. Sikuwa kazini siku hiyo. Nilitazama nyumbani, na mdomo wangu ukawa unatafsiri wenyewe bila mimi kuutuma. Steve Schleicher ndiye aliyeanza kwa upande wa mashtaka, akawaambia wajumbe waamini macho yao, kwa kuwa video wameiona. Kisha Eric Nelson wa utetezi akasema kwa karibu saa tatu. Alijenga hoja yake vizuri: msiangalie dakika 9 na sekunde 29 za goti peke yake, angalieni na dakika 16 na sekunde 59 zilizotangulia, mjiulize askari mwenye busara angefanya nini.

Ndipo akainuka Jerry Blackwell kulijibu lile la utetezi. Akawaambia wajumbe kwamba wamesikia mashahidi 45, lakini yupo na wa 46, ambaye walikuja naye kutoka nyumbani na ambaye peke yake ataingia nao chumbani, naye ni akili ya kawaida ya mtu. Utetezi ulikuwa umezungumza sana juu ya moyo wa Floyd, kwamba ulikuwa umetanuka kwa maradhi. Blackwell akamalizia papo hapo: Floyd hakufa kwa sababu moyo wake ulikuwa mkubwa mno, alikufa kwa sababu moyo wa Chauvin ulikuwa mdogo mno. Niliposikia hayo nilisimama. Katika Kiswahili maneno hayo hayapotezi kitu, maana moyo kwetu ni kiungo cha mwili na ni huruma pia. Kesho yake juri ikarudi na hatia kwa mashtaka yote matatu.

Sasa sikiliza upande wa pili. Mwendesha mashtaka anapoinuka mara ya pili hana ruhusa ya kusema apendalo. Anatakiwa kujibu yale utetezi uliyoyasema, basi. Mawakili wazuri wa utetezi wanajua hivyo, na wanajiandaa nayo. Nimemsikia zaidi ya mmoja akiwaambia wajumbe, karibu na mwisho: "Nikikaa, sitasimama tena. Mwenzangu atasimama. Kila atakalolisema, jiulizeni mimi ningelijibu vipi, maana majibu mnayo, mmeyasikia kwa mashahidi." Hapo anakuwa ameacha sauti yake kichwani mwao.

Wako hata waliofika mbali zaidi. Mwaka 2002 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Bell dhidi ya Cone, iliyotoka Tennessee. Katika hatua ya kuamua adhabu, mwendesha mashtaka wa chini alisema maneno machache yasiyo na moto. Mkuu wake, msemaji hodari, alikuwa anangoja zamu ya kujibu. Wakili wa utetezi akaamua kutosema kabisa, kwa hesabu kwamba asiposema hakuna cha kujibiwa, na yule hodari atabaki kitini. Mteja akahukumiwa kifo, akalalamika kwamba wakili wake alimtupa. Majaji wanane kati ya tisa walisema huo ni uamuzi wa kimkakati ambao wakili anaweza kuufanya. Mimi hukumu hiyo hainiingii moyoni, kwa sababu mtu anayekabili kifo anastahili mtu wa kumsemea mpaka dakika ya mwisho. Hata hivyo imenifundisha kutopima wakili kwa wingi wa maneno.

Hapo ndipo tunafika kwa huyo mpole wenu. Niruhusu nikusimulie kesi moja ambayo nilikaa ndani yake siku nne, bila kutaja jina la mtu wala mji. Kijana wetu mmoja, mzungumzaji wa Kiswahili, alihojiwa na polisi mara mbili, kila mara kwa mkalimani wa simu, na kila mara mkalimani tofauti. Mara ya kwanza alisema, "Alinifungulia mlango, akaniambia ningoje." Mara ya pili akasema maneno yale yale. Sasa wewe unajua, dada, kwamba katika "alinifungulia" hamna mwanamume wala mwanamke. Kiingereza hakikubali hivyo, lazima uchague. Mkalimani wa kwanza akachagua mwanamume, wa pili akachagua mwanamke. Kwenye karatasi za polisi ikasomeka kwamba kijana alibadilisha habari: jana mlango ulifunguliwa na mwanamume, leo na mwanamke. Mwendesha mashtaka akaishika hiyo kama kamba. Katika majumuisho yake alirudia mara nne kwamba mtu mkweli hasahau kama aliyemfungulia ni mwanamume au mwanamke.

Nilikuwa nikimnong'oneza kijana hayo, na nikaona mikono yake inatetemeka chini ya meza. Mimi sina ruhusa ya kusema kitu. Hilo ndilo gumu kuliko yote katika kazi hii.

Wakili wake alikuwa wa kulipwa na serikali, sauti ya chini, sweta la kijivu. Alisimama, akasema kwa dakika 18, nilitazama saa. Hakumtaja mwenzake kwa ubaya. Alichukua ukurasa mmoja tu wa kumbukumbu za mahakama. Siku ya pili ya kesi, mmoja wa wale wakalimani wa simu alipoitwa kutoa ushahidi, yeye wakili alikuwa amemuuliza swali moja ambalo siku ile lilionekana dogo sana: katika Kiswahili, kitenzi hiki kinaonyesha kama mtendaji ni mwanamume au mwanamke? Jibu likawa hapana. Akakaa. Hakulifafanua, hakulipigia kelele. Siku ya majumuisho akalisoma lile swali na lile jibu, taratibu, mara mbili. Kisha akasema kwamba kijana huyu hakubadilisha neno hata moja, waliobadilisha ni watu wawili waliokuwa kwenye simu. Mama mmoja wa juri, safu ya nyuma, aliacha kuandika akamtazama kijana usoni, kwa mara ya kwanza tangu kesi ianze. Mwendesha mashtaka alipoinuka mara ya pili, habari ya mlango hakuigusa tena.

Walimwachia kwa shtaka kubwa, wakamtia hatiani kwa dogo.

Ndiyo maana nasema majumuisho hutungwa siku ya kwanza. Yanayosemwa mwishoni si ushahidi, na jaji huwaambia wajumbe hivyo waziwazi. Wakili hawezi kuleta siku ya mwisho kitu ambacho shahidi hakukitamka wala kielelezo hakikuonyesha. Hata awe na ulimi wa asali, kama swali la siku ya pili halikuulizwa, siku ya mwisho atakuwa na kelele mikononi. Na wakili mpya akija wiki mbili kabla ya kesi, atayajua lini hayo maswali madogo?

Fedha za mchango ni zenu na uamuzi ni wa mwanao. Huyo wakili analipwa na serikali lakini anamtumikia mwanao peke yake, si serikali. Kabla hamjamwacha, mwambie mwanao amuulize maswali mawili: "Katika majumuisho utasema nini?" na "Ni shahidi gani atakayelitamka hilo?" Akiwa na majibu, ujue anafanya kazi yake. Tena amwambie kila kitu, hata la aibu. Wakili anayelisikia jambo kwa mara ya kwanza kutoka kwa mpinzani wake, siku ya mwisho atalitetea na nini?

La mwisho kwako ni hili, nalo nalisema kwa uchungu. Mwambie aombe mkalimani. Vijana wetu wengi huona haya. Husema Kiingereza nakijua, nafanya nacho kazi kiwandani. Kiingereza cha kiwandani si Kiingereza cha mahakamani. Katika majumuisho mawakili huenda mbio, hurejea ushahidi wa wiki nzima kwa nusu sentensi, na jaji husoma maelekezo ya sheria kurasa kwa kurasa. Nimewaona waliokataa mkalimani wakitikisa kichwa kukubali maneno yaliyokuwa yanawazika, na juri inawatazama. Mkalimani katika kesi ya jinai halipiwi na familia. Ni haki yake.

"Shikamoo Mama. Nasoma sheria mwaka wa tatu, Dar es Salaam. Tuna mashindano ya mahakama ya mfano na sisi tumepewa kesi ya Marekani mbele ya juri. Majumuisho ni yangu. Nataka nitembee, nipige meza, nimalizie kwa msemo utakaokaa kichwani. Nianzie wapi? Pia, kuna mwalimu ametuambia wazee wa baraza ndio juri yetu. Ni kweli?" Mwanafunzi, Dar

Marahaba mwanangu. Nianze na msemo, maana ndio unaokuvuta.

Unaoukumbuka bila shaka ni ule wa Johnnie Cochran, wakili wa utetezi katika kesi ya mauaji ya O.J. Simpson, Los Angeles, mwaka 1995. Kwa Kiingereza una vina. Kwa Kiswahili nimeuhangaikia miaka, na hivi ndivyo ulivyonitulia: *Isipomkaa mkononi, msimtie hatiani.* Wanafunzi huushika msemo wakasahau tarehe. Cochran aliutamka mwishoni mwa Septemba. Glavu yenyewe, ambayo mashtaka walisema ni ya muuaji, Simpson aliivaa mbele ya juri tarehe 15 Juni, na aliyemtaka aivae alikuwa Christopher Darden wa upande wa mashtaka! Wajumbe walimwona kwa macho yao akihangaika nayo, ikamkataa. Miezi mitatu na zaidi baadaye Cochran akawapa maneno ya kubebea walichokiona. Toa siku ile ya Juni, msemo unabaki wimbo wa watoto. Kwa hiyo usianze na msemo. Soma jalada la kesi yenu, utafute ni kitu gani shahidi alikisema ambacho juri haitakisahau, kisha ndipo uulizie maneno.

Kutembea, angalia. Uingereza wakili hasogei, anasimama pale pale penye kiti chake na wigi lake, na bado wamekuwepo wasemaji wa kutoa machozi. Edward Marshall Hall alikuwa akinyoosha mikono miwili kama mizani mbele ya wajumbe, mkono huu hoja za mashtaka, huu za utetezi, zikilingana, kisha anautua upande wa utetezi uzito mmoja usioonekana, yaani dhana kwamba mtu hana hatia mpaka ithibitishwe. Alifanya hayo akiwa amesimama mahali pamoja. Marekani nako, katika mahakama nyingi za shirikisho, jaji anataka wakili abaki kwenye meza ya kuzungumzia. Meza usiipige. Juri ya watu walioacha kazi zao na watoto wao haipendi kufokewa.

Yako mambo yatakayokuangusha kwa waamuzi wa mashindano, na katika mahakama ya kweli yanaweza kufuta hukumu nzima. Usiseme "mimi naamini." Imani yako si ushahidi. Usiwaambie wajumbe wajiweke mahali pa aliyeumizwa. Ukiwa upande wa mashtaka, usiguse kabisa ukimya wa mshtakiwa aliyechagua kutotoa ushahidi. Tangu kesi ya Griffin dhidi ya California, mwaka 1965, hilo ni marufuku. Na usitaje hukumu za kesi zilizotangulia. Hapa ndipo mazoea ya kwetu yatakuponza. Kwetu majumuisho mara nyingi huandikwa, yanampelekea jaji rejea za kesi mstari kwa mstari, na jaji anazitaka. Juri haihitaji rejea. Sheria itasomwa na jaji. Wewe wape jambo lililotokea, saa ngapi, nani alisimama wapi, na ni nani aliyeona.

Sasa mwalimu wenu. Kwa heshima yake, hapana. Wazee wa baraza ni washauri. Walikaa na jaji wa Mahakama Kuu, jaji akawafupishia ushahidi na sheria, kila mmoja akatoa maoni yake, na jaji hakufungwa nayo. Uamuzi ulikuwa wake. Juri haishauri, inaamua, na katika kesi za jinai za Marekani lazima wote wawe na kauli moja. Oregon, na Louisiana kwa makosa ya kabla ya 2019, zilikuwa bado zinaruhusu kauli ya walio wengi, hadi Mahakama ya Juu ilipoikataa mwaka 2020 katika kesi ya Ramos dhidi ya Louisiana. Kwetu Tanzania, tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2022, jaji halazimiki tena kuketi na wazee. Kabla ya hapo Mahakama ya Rufani ilikuwa imefuta mienendo ya kesi nyingi kwa kuwa jaji hakuwafafanulia wazee mambo muhimu ya sheria. Kenya iliwaondoa mwaka 2007. Uganda wanao bado.

Na ukitaka kujua kwa nini neno "washauri" lina kovu Afrika Mashariki, soma habari za Nyeri, Novemba 1956. Katika koloni la Kenya Mzungu aliyeshtakiwa mbele ya mahakama ya juu alikuwa na haki ya juri ya Wazungu wenzake. Dedan Kimathi alipelekwa mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor akiwa na washauri watatu Waafrika. Walisema ana hatia, na tarehe 18 Februari 1957 akanyongwa. Hata wangesema hana, jaji angeweza kuwapita. Ukisimama mbele ya juri yako ya mfano, mwanangu, jua kwamba unazungumza na watu ambao hakuna anayeweza kuwapita wakisema hana hatia.

"Mama, jambo. Mimi ni mutu wa Uvira, miaka saba niko huku Marekani, na mwaka jana nilipata uraia, nikaapa mbele ya jaji. Nimepokea barua ya tribinali, wananiita kwa juri. Niko na woga. Kiingereza changu kinatembea polepole, na bosi wangu ni mukali. Naweza kuitupa ile barua?" Baba wa watoto wanne

Jambo baba, na hongera kwa uraia. Usiitupe. Kutoijibu ni kosa. Ndani yake mna maswali: je, wewe ni raia, una miaka 18, unaishi katika kaunti ile, unaweza kuwasiliana kwa Kiingereza? Jibu kweli tupu. Kama Kiingereza kweli hakikutoshi, sema, watapima wao. Lakini polepole si sawa na hapana. Umeniandikia kwamba uliapa kiapo cha uraia mbele ya jaji, basi kumwelewa jaji si jambo geni kwako. Bosi wako, sheria hapa Minnesota inamkataza kukufukuza kazi kwa sababu umeitwa juri.

Kwa wasomaji wenye kadi ya kijani tu, yaani kibali cha kuishi hapa bila uraia, ambao nao huitwa kwa sababu majina huchukuliwa pia kwenye orodha za leseni za udereva: tafadhali, jibuni kwamba hamjawa raia. Msiitie tiki sehemu ya uraia kwa haraka. Kudai uraia ambao huna kunaweza kukutoa nchini.

Baba, ukichaguliwa, na akaja shahidi anayesema Kiswahili, jaji atakwambia jambo litakalokuwia gumu: ushahidi ni ule wa Kiingereza wa mkalimani, hata kama wewe umeusikia mwenyewe kwa lugha yako. Usiwatafsirie wenzako chumbani. Ukiona mkalimani amekosea, mwandikie jaji kikaratasi umpe karani. Mimi mwenyewe nimewahi kusahihishwa mbele ya mahakama, na nilishukuru.

Nataka uende. Nimekaa katika kesi nyingi ambamo mshtakiwa alizungusha macho kwenye viti vile kumi na viwili akitafuta uso mmoja unaofanana na wake, asiuone.

"Bi Mkalimani, wakili anapomtukana mshtakiwa katika majumuisho, huwezi kulainisha kidogo? Na lile neno la shaka, huwa unalitafsiri vipi?" Msomaji, Unguja

Neno kwanza. Kwenye magazeti ya nyumbani mtasoma kwamba mashtaka yathibitishwe "pasipo kuacha shaka yoyote." Mimi siwezi kutumia "yoyote." Sheria ya hapa haidai hivyo, inadai shaka yenye akili ndani yake, ile ambayo mtu mzima angesita kwayo katika jambo lake kubwa. Nikisema "yoyote," nimempa mshtakiwa tumaini ambalo juri haikuambiwa. Nasema "shaka ya maana." Mwenzangu tunayepokezana naye kila nusu saa husema "shaka yenye msingi." Kabla ya kesi tunakubaliana moja, ili mshtakiwa asisikie maneno mawili akadhani ni sheria mbili.

Kulainisha, siwezi. Mwendesha mashtaka akisema "mwongo," nami nasema "mwongo," kwa sauti ile ile ya chini, sikioni mwake. Mwaka jana kijana mmoja aligeuka akanitazama kama kwamba neno limetoka kwangu. Nikanyanyua mkono, nikamwambia jaji, "Mkalimani anaomba wakili apunguze mwendo." Jaji akakubali. Wakili akanywa maji, na mimi nikanywa maji. Kisha akaendelea, nami nikamrudia kijana sikioni.